Viporo vya Mhariri

Safu ya maswali yenu kwangu mimi mhariri wa jarida hili la katuni imerudi. Barua na ujumbe wa simu vimerundikana kuliko ukurasa wenyewe, kwa hiyo nimepunguza: salamu nimezipokea zote, matusi mawili matatu nimeyasamehe, na maswali yaliyofanana nimeyajibu kwa pamoja.

SWALI: Shikamoo Dada Mhariri. Safu yako hatuioni tangu kabla ya Ramadhani. Huku kijiweni tumebishana, wengine wanasema umeolewa, wengine wanasema umehamia Dodoma. Ukweli ni upi? (Msomaji, Tandika)

JIBU: Marahaba, na uwasalimie hao wa kijiweni. Sijaolewa, na Dodoma nimeishia kuiona kwenye taarifa ya habari. Tulikuwa tunatengeneza lile toleo maalumu, hadithi moja ndefu badala ya vipande vipande, na hadithi ndefu inakula mhariri mzimamzima. Toleo lilipokwenda kiwandani nikachukua likizo niliyokuwa naidai, nikakaa kucheza viporo. Mashabiki wa Simba na Yanga mnanielewa: timu ikiwa kwenye mechi za Afrika, ligi ya nyumbani haifutwi, inasogezwa tu, na siku zikifika unacheza Jumatano, Jumamosi, Jumatano, miguu ikiuma.

Vyangu vilikuwa vya kila aina. Kulikuwa na gego nililokuwa nalikwepa kwa kutafunia upande mmoja toka mvua za vuli. Kulikuwa na cherehani ya mama iliyolala kwa fundi Kariakoo mpaka fundi akaanza kuitumia. Kulikuwa na kitambaa cha sare ya harusi ya binamu yangu ambacho sikukipeleka kushonwa. Harusi imepita, na binamu sasa ananunua nguo za uzazi. Kulikuwa na mtoto wa jirani niliyemnunulia vinguo akiwa hajatoka arobaini. Siku nilipovipeleka alikuja mlangoni kwa miguu yake mwenyewe kuona nani anabisha hodi. Mama yake alivipokea, akavikunja, akasema vitamfaa mdogo wake akijaliwa.

Na kulikuwa na ujumbe wa sauti kutoka kwa mashangazi. Huo huwezi kuusikiliza huku unahariri, kwa sababu shangazi yangu hafiki kwenye jambo mpaka ameanza na mvua, akapitia bei ya mchele, akamtaja mgonjwa mmoja. Nimeusikiliza wote, mfululizo, nikiwa naosha vyombo. Mambo mengine yalikuwa yameshajitatua yenyewe.

SWALI: Hivi mhariri wa katuni anafanya nini hasa? Mwandishi kaandika, mchoraji kachora. Wewe unahariri nini, nyusi? (Mwanafunzi, Mlimani)

JIBU: Nyusi pia, usicheke. Nyusi ikipandishwa kidogo tu, mtu aliyekuwa anashangaa anaonekana anatongoza, na hadithi inashika njia nyingine.

Ngoja nikupe ukurasa mmoja ulio mezani kwangu sasa hivi. Mtunzi kaandika hivi: kituo cha Mwenge, jioni, konda na mama mwenye ndoo ya samaki wanabishana kuhusu nauli, mzee mmoja anaingilia kati. Fremu sita, yaani visanduku sita vya picha. Mchoraji ni fundi kweli. Noti kazikunja kwa urefu na kuzipachika katikati ya vidole vya konda, na ukitazama vizuri unatofautisha ya elfu na ya elfu mbili. Ndoo kaifunika kwa mfuko wa plastiki uliotoboka, mkia mmoja umechungulia. Tatizo ni kwamba konda kamweka kulia na mama kushoto, wakati kwenye mswada konda ndiye anayeanza kusema. Sisi tunasoma kutoka kushoto kwenda kulia, kwa hiyo msomaji angekutana na jibu la mama kabla ya swali la konda. Nikamrudishia.

Siku hizi wengi wanachora kwenye tableti. Akabonyeza mahali, picha ikageuka kama kwenye kioo, konda akahamia kushoto, akanitumia baada ya dakika mbili na alama ya kicheko. Nikaitazama. Picha ikigeuka, kila kilichomo kimegeuka nayo. Mlango wa daladala umehamia upande wa kulia, maana yake abiria wanashukia katikati ya barabara. Usukani umekwenda kushoto kana kwamba gari ni la Kongo. Na yule mzee, ambaye alikuwa anatafuna muhogo kwa mkono wa kulia, sasa anakula kwa kushoto. Mlango wa gari wangeugundua makonda na madereva. Mkono wa mzee wangeugundua mama zenu wote, na simu ya ofisi isingekauka. Ikabidi ukurasa uchorwe upya, konda na mama wabadilishane nafasi, gari libaki lilivyo.

Wajapani wanalijua hili vizuri kuliko sisi. Katuni zao husomwa kuanzia kulia, na zilipoanza kuuzwa Marekani na Ulaya wachapishaji wengi walizigeuza picha ili wasomaji wa huko wasihangaike. Wapiga upanga wakawa wa mashoto, na baadhi ya wachoraji wakaja juu. Leo nyingi zinachapwa zilivyo, msomaji anaanzia huku tunakokuita nyuma.

Maneno nayo yana vita vyake. Kitenzi kimoja cha Kiswahili kinaweza kujaza puto zima, kile kiduara cha maneno ya mhusika: mtunzi akiandika "asingenikumbusha", nafasi imekwisha, na ukilikata katikati kwa kistari msomaji anajikwaa. Kwa hiyo nawaambia watunzi waandike kama watu wanavyosema kituoni. "Nauli." "Si nimekupa?" "Saa ngapi?" Mabishano yote yamo humo. Puto linalozidi maneno ishirini nalikata, hata kama mtunzi ni rafiki yangu, na rafiki zangu watunzi wanapungua.

Kuna pia hesabu ya kurasa. Jarida linalobanwa kwa pini katikati linaongezeka kwa kurasa nne nne, huwezi kuwa na kurasa 33 kwa sababu mtunzi ana la kuongeza. Ukurasa wenye namba shufwa uko kushoto, msomaji anauona baada ya kufunua. Hapo ndipo unapoficha jambo la kushtua. Jambo hilo likikaa kulia, jicho limeshalichungulia kabla halijafika na mshtuko umepotea. Na kiwandani, maandishi lazima yawe meusi matupu, yasiwe mchanganyiko wa rangi zote nne, kwani pleti za kuchapia, kila rangi na yake, zikihama hata nusu milimita kila herufi inaota kivuli, na msomaji anadhani macho yake yameanza kuharibika.

Sasa nyusi umeziona ni sehemu ndogo.

SWALI: Dada, mume wangu ni mmoja wa wachoraji wenu. Kuanzia tarehe ishirini kila mwezi anakuwa hayupo hata akiwepo. Anakula amesimama. Mtoto akimwita anaitika "nakuja", mtoto anasubiri mpaka analala. Juzi ilikuwa siku ya kupokea mahari ya mdogo wake wa kike, yeye ndiye kaka mkubwa, akafika watu wanakunja majamvi. Nimfanyeje? (Mke wa msanii, Kigamboni)

JIBU: Wifi, kesi ya nyani umemletea ngedere. Hizo simu za saa tano usiku zinatoka kwangu.

Lakini kwa kuwa umeniuliza, nitasema hata kama mwenye jarida ataguna. Ukurasa mmoja wa fremu sita, kwa mtu anayefanya mwenyewe rafu (ule mchoro wa kwanza wa harakaharaka), penseli, wino na rangi, hauishi kwa siku moja ya kazi ya kawaida. Mumeo akichukua kurasa nane za wiki moja, amechukua kazi ya watu wawili. Na anachukua kwa sababu analipwa kwa ukurasa, tena hela inatoka jarida likishaingia mtaani, na mwezi mtupu unamtisha kuliko usingizi. Kwa hiyo ukimgombeza kuhusu kula amesimama unagombeza mahali pasipo na mlango. Mlango uko kwenye makubaliano yake na sisi.

Mwambie aombe nusu ya malipo anapokabidhi rafu. Wengi hawaombi, wanaona ni kujidhalilisha. Fundi wa makabati anaomba, fundi wa cherehani anaomba, yeye ana nini? Halafu aseme wazi kwamba mabadiliko yote yaletwe kwenye rafu. Kubadilisha mkono wa mtu kwenye penseli ni kazi ya kufuta na kuchora. Kubadilisha mkono uleule ukiwa umeshapigwa wino na kutiwa rangi, kivuli chake kimeshaangukia ukutani na kwenye nguo ya jirani, ni usiku mzima. Mhariri akiomba hivyo, akatae. Mhariri huyo akiwa ni mimi, akatae vilevile. Nitanuna, nitakunywa chai, nitaelewa.

Mambo ya mahari siyawezi. Atafute mzee mwenye maneno mazuri waende pamoja kwa wakwe wa mdogo wake, tena aende mikono ikiwa na kitu.

SWALI: Una mchumba? (Wengi, sehemu mbalimbali)

JIBU: Muulizeni tarehe ishirini.

SWALI: Dada, nina miaka 19, nimechora hadithi ya kurasa 120, daftari tatu zimejaa. Naogopa kuituma kwa sababu nasikia kazi zinaibiwa. Nianzie wapi? (Chipukizi, Tandale)

JIBU: Mdogo wangu, hongera, maana wengi wanaoniandikia wana hadithi ya kurasa 120 kichwani na ukurasa mmoja kwenye karatasi.

Kuhusu wizi: Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inakulinda tangu pale unapoichora, huhitaji kwanza kusajili. Ulinzi huo unadumu maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa kwako. Kusajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kunakupa ushahidi siku ikitokea kesi, kwa hiyo kasajili ukipata nafasi, lakini usikae na daftari uvunguni kwa kusubiri cheti. Wakati huohuo piga picha kila ukurasa, zihifadhi mahali penye tarehe. Na ujue kwamba sheria hailindi wazo. "Kijana wa Tandale anapata nguvu za ajabu" ni wazo, kila mtu analo. Uso wa kijana wako, maneno yake, jinsi ulivyozipanga fremu zako, hivyo ni vyako.

Usinitumie kurasa 120. Sitazisoma, si kwa dharau, ni kwa sababu mhariri hujua kwenye kurasa nne. Nichoree hadithi fupi ya kurasa nne yenye mwanzo na mwisho, watu wakae chini, wasimame, wapite mlangoni, washike kikombe. Kila chipukizi ananiletea ngumi na milipuko. Mimi natafuta anayejua kuchora mtu akimimina chai kwenye kisosi ili ipoe. Skani kwa nukta 300 kwa inchi au zaidi, usipige picha chini ya taa ya njano. Na siku moja panda gari uende Nafasi Art Space, Mikocheni, ukakae na wasanii wenzako. Mchoraji anayejichorea chumbani peke yake anarudia kosa moja mpaka linageuka kuwa mtindo.

SWALI: Mwanangu, zamani kulikuwa na Chakubanga, kulikuwa na Ndumilakuwili na Lodi Lofa. Tulikuwa tunagombania gazeti kwa kinyozi. Nyie wa leo mmepatwa na nini? (Mzee wa Magomeni)

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Mimi mwenyewe kusoma nilijifunzia kwenye magazeti hayo, juu ya benchi la kinyozi, kwa hiyo hunipati kuyasema vibaya. Chakubanga wa Christian Gregory kwenye gazeti la Uhuru alikuwa mtu unayemjua. Ukitoka kusoma unamkuta mtaani kwenu na suruali ileile. Jarida la Sani la miaka ya 1970 na 1980 liliwafanya watu wazima wasione haya kununua katuni. Philip Ndunguru, aliyewachora hao Ndumilakuwili na Lodi Lofa, alifariki mwaka 1986 akiwa bado kijana, na wahusika wake waliendelea kuchorwa na wengine. Huwa namfikiria mhariri aliyelazimika kumpa mtu mwingine kalamu ile. Kuiga mstari wa marehemu unaweza. Kuiga kicheko chake ni shughuli nyingine.

Ila mzee wangu, tusifunikane. Mengi ya magazeti ya zama hizo yalimchora mwanamke makalio kwanza, jina baadaye, na sisi watoto wa kike tulikuwa tunayasoma hayohayo. Nilipopata meza hii, hilo ndilo nililoanza nalo.

Na hatukupatwa na kitu. Mchora katuni Gado alizaliwa hapahapa Dar mwaka 1969, akaenda Nairobi mwaka 1992 kuchorea gazeti la Nation, na sasa anajulikana nje ya mipaka. Kingo wa James Gayo, Kipanya wa Masoud, Kijasti wa Nathan Mpangala, hawa si watu wa zamani za mawe. Kilichobadilika ni kinyozi. Siku hizi kila mteja ana simu yake, gazeti moja halipiti mikono kumi, na mtoto akicheka anacheka peke yake. Njoo ofisini siku moja, nina matoleo ya zamani kwenye boksi, tutagombania.

SWALI: Dada Mhariri, mimi ni muuguzi, nafanya zamu. Nimekosa harusi, nimekosa misiba, ndugu wamefika mahali hawaniambii tena, wanasema "huyo yuko bize". Nataka kurudi kwao, sijui nianzie wapi. Wewe ulianzaje? (Msomaji, Tabata)

JIBU: Dada yangu, nilianza kwa kuacha kujieleza. Ukifika kwa mtu uliyempotea ukaanza habari za zamu, mkuu wa kazi na foleni, unamgeuza kuwa hakimu, naye hakuomba kazi hiyo. Fika, salimia, kaa, ingia jikoni.

Kiporo changu kizito kilikuwa msiba. Mama wa rafiki yangu wa tangu sekondari alifariki tukiwa katikati ya toleo, nikatuma rambirambi kwa simu. Unajua mjini hapa hela ya simu haihesabiki kuwa ni kuhani. Likizo ilipoanza nikaenda kwao Temeke, saa kumi jioni, na kilo za sukari na unga, bila kupiga simu kwanza. Rafiki yangu alikuwa uani anachambua mchicha. Akaniangalia, akasogeza kigoda kingine kwa mguu, akanipa fungu. Tulichambua mchicha mpaka magharibi, na alipoanza kuongea alinieleza ugonjwa wa mama yake tangu siku ya kwanza, kwa utaratibu, kama mtu aliyekuwa anangoja wa kumweleza. Waliokuja wiki ya msiba hawakupata kuusikia hivyo, kwa kuwa wakati ule alikuwa anapikia watu. Sisemi ni bora kuchelewa. Nasema anayefika baadaye ana kazi yake, na wewe muuguzi pengine unaijua kuliko mimi.

Dada yangu wa Morogoro nilimfuata kwa treni. Kwa miaka nilisingizia barabara, foleni ya Mbezi, malori ya Chalinze. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme inakufikisha huko kwa chini ya saa mbili, kwa hiyo kisingizio kimekufa. Nilibeba kurasa za kusahihisha, ndiyo, sikujifanya mtu mwingine. Binti yake aliye darasa la nne alilala kifudifudi sakafuni akazisoma zote, kisha akauliza kwa nini ndoo ya yule mama wa samaki ni ya bluu hapa na ya kijani pale. Mchoraji hakuiona, mtunzi hakuiona, mimi nilikuwa nimeangalia milango ya magari. Nikampigia mchoraji kutoka Morogoro, Jumapili, saa nne asubuhi, na mkewe ndiye aliyepokea. Wifi, kama ulikuwa wewe, nisamehe, lakini ilikuwa bado rafu.

Viporo vingine utavikuta vimechacha. Mimi kuna rafiki mmoja hakupokea, nikapiga tena, hakupokea, nikamwandikia, alama mbili za bluu. Hicho nimekimwaga. Usihangaike kukipasha moto kila siku, utaunguza na sufuria.

Zamu yako ya usiku ikiisha asubuhi, usilale kwanza siku hiyo moja. Panda gari nenda kwa mama mkubwa, kalale kwake. Watakuamsha kula.

KWA UFUPI: Wa Kimara, matoleo ya nyuma yapo, njoo na hela kamili, hatuna chenji. Wa Vingunguti, hapana, konda hatafukuzwa kazi, ila toleo lijalo anaoa. Wa Sinza uliyeandika kurasa kumi na moja kwa wino mwekundu, nimezisoma, na la mwisho lina ukweli.